Avaa sare ya kiwanda kuzoa theluji ya kwake

Saa moja asubuhi, Cheektowaga, kando ya jiji la Buffalo, Marekani. Mutware anavaa buti na kizibao cha reflekta cha kiwanda cha jibini anakofanya kazi. Lakini leo hana zamu. Anatoka kuzoa theluji mbele ya nyumba yake mwenyewe.

“Batu bakiniona na hii, banasema: ule ni mutu wa kazi,” anasema akicheka. “Nikivaa koti ya muzuri, banauliza: ule anatafuta nini huku?”

Hasemi kwa kubahatisha. Januari mwaka jana, 2015, wiki chache baada ya kuhamia hapa, alitoka kuzoa theluji akiwa amevaa koti lake la kanisani. Alipoinua macho, polisi wawili walikuwa wamesimama mbele yake. Jirani alikuwa amewapigia simu kwamba kuna mwanamume mweusi anazungukazunguka nyumba ya watu. Akawaonyesha ufunguo, wakaomba radhi, wakaenda zao.

Mkewe, Hadassa, akaanza kufunga mizigo.

“Nilimwambia turudi mjini, kwa batu betu,” anasema Hadassa. “Donc, ye anasema anaenda kupeleka maziwa!”

Kwao, milimani Kivu Kusini, Mutware alikuwa na ng’ombe arobaini. Hapa anaosha mabomba ya maziwa ya ng’ombe asiowaona. Lakini desturi hakuiacha: ugomvi wa jirani humalizwa kwa maziwa. Akagandisha mtindi, akabeba jagi hadi kwa aliyepiga simu, mjane aitwaye Wanda. Ningekuwa mimi, ningempelekea maneno.

Wanda alifungua mlango nusu. Akanusa jagi, machozi yakamtoka.

“Bibi yangu alitoka Poland, akigandisha maziwa hivi hivi,” Wanda ananiambia. “Shuleni walinicheka kwamba nanuka. Halafu mimi nikamwitia huyu polisi! Mwizi gani huzoa theluji kwanza ndipo aibe?”

Jagi lilirudi na viazi vya kuchemsha. Kumbe hata Poland chombo cha jirani hakirudi kitupu.

Hadassa alifungua mizigo, ila kwa shingo upande. Na Mutware hajavua kizibao.

“Wanda ni mumoja,” anasema. “Barabara iko na batu bengi.”

Akimaliza kwake anahamia kwa Wanda. Bibi huyo anafungua dirisha na kumwita kwa jina, kwa sauti kubwa, makusudi mtaa mzima usikie.

Namuuliza Mutware anatamani nini. Anaegemea sepeto, anatazama nyumba yake.

“Siku moja nitazoa hii theluji na koti yangu ya kanisa,” anasema. “Bon, itachafuka. Iache ichafuke. Hapa ni kwangu.”