Mtutu Niliouchagua kwa Hasira

Katika miaka ya tisini nilikuwa napiga pasi mashuka ya hoteli moja mjini Brussels, na Jumapili nilikuwa napiga kuku wa chuma kwa bastola. Kazi ya kwanza ilijulikana na kila mtu. Ya pili aliijua mume wangu, pamoja na Mbelgiji mmoja, mwanamke wa makamo niliyekuwa nikipiga naye pasi meza moja. Yeye ndiye aliyenitia katika mambo hayo.

Mchezo wenyewe ulichezwa kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, nje ya mji. Wanapanga wanyama waliokatwa kwa bati nene la chuma: kuku karibu, nguruwe nyuma yake, bata mzinga mbali zaidi, na kondoo huko mwisho kabisa. Kumgonga mnyama hakutoshi, lazima aanguke. Mimi Mwislamu wa Buyenzi, Bujumbura, nguruwe sikumwonea huruma hata kidogo. Aliyenishinda ni kondoo. Bastola yangu ilikuwa ya risasi moja, na mtutu wake ulikuwa wa vingt-deux, ishirini na mbili, kaliba yake, yaani upana wa tundu la risasi, ndogo kuliko zote. Nililenga vizuri, risasi ikafika, ikalia ting! kama kijiko kwenye glasi, na kondoo akabaki amesimama ananitazama.

Mambo haya tuliyafanya siri, mimi na mume wangu. Sisi ni watu tuliokimbia milio ya bunduki, sasa mimi nilikuwa nalipa ili niisikie. Nani angenielewa? Basi mume wangu aliwaambia watu kwamba Jumapili naenda kusoma Kiflamandi, ile lugha nyingine ya Wabelgiji. Hana kipaji cha uongo, masikini, na katika uongo wote duniani aliuchagua ule ulionitesa. Kila aliyepata barua ya Kiflamandi aliniletea nimsomee.

Yule mwenzangu wa pasi akanishauri ninunue mtutu wa pili, wenye kaliba kubwa. Bastola ya namna ile ni kama mashine ya kusaga nyama: mwili mmoja, unachomoa pini, unatoa mtutu huu, unatia ule. Nilipopata kibali tukaenda dukani, kule Saint-Josse. Mwenye duka alikuwa mzee mpole aliyezungumza polepole kama mfamasia. Alitandika kitambaa cha kijani juu ya kaunta, akalaza mitutu miwili.

"Huu ni trois cent cinquante-sept," akasema. "Unapokea risasi kali na risasi laini. Madame ataanza na laini, mkono uzoee, halafu atapanda taratibu. Kondoo ataanguka."

"Na huu mwingine?"

"Huo ni quarante-quatre, mkubwa zaidi." Akavua miwani, akaifuta. "Kwa huo pia kondoo ataanguka. Sijui nani mwingine ataanguka naye."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaunyooshea mkono ule wa kwanza. Lakini nyuma yetu alikuwapo mteja mmoja, bwana mwenye kofia ya wawindaji, akamwambia mwenye duka, kana kwamba mimi ni kabati la vitu, "Mpe ule mdogo. Huoni mikono yake? Ni ya kushonea."

Mikono ya kushonea! Mikono iliyokuwa ikiinua pasi za hoteli tangu alfajiri! Niliuacha ule wa kwanza, nikaunyanyua ule mwingine, nikachungulia tundu lake, nikatia humo ncha ya kidole changu cha mwisho kama mtu anayepima pete.

"Quarante-quatre," nikasema.

Mwenzangu alinikanyaga mguu. Nilidhani ananipongeza.

Jumapili iliyofuata nilifika machimboni nikiwa nimevaa kitambaa changu kizuri cha kichwani. Sijui nilidhani kondoo ataona. Wenzetu walisimama nyuma kuangalia mtutu mpya, na jambo hilo lilinifurahisha mno. Mwenzangu akanionya, "Nyoosha mikono. Usikunje viwiko." Nikamjibu kwamba najua. Nikatia risasi, ilikuwa nene kama kidole cha mtoto, nikafunga, nikavuta nyundo ya bastola, nikalenga. Halafu, kwa hamu ya kuona vizuri kondoo anavyoanguka, nikakunja viwiko, nikaisogeza bastola karibu na uso.

Nakumbuka kwamba nilifumba macho. Nakumbuka kishindo. Nilipofumbua, nilikuwa nimekaa kwenye matope, damu inanitiririka puani kutoka kwenye paji la uso, na mwenzangu ananikandamiza kwa kitambaa changu kile kizuri. Mtutu uliruka juu ukanipiga wenyewe. Nikauliza swali moja tu: "Ameanguka?"

"Wewe ndiye uliyeanguka," akasema.

Asubuhi yake paji lilikuwa limevimba kama andazi, na jicho moja limezungukwa na weusi. Baada ya kazi nilipita Porte de Namur, kwenye maduka ya Waafrika, kununua mchele na pondu, yale majani ya mihogo. Mama mmoja mwenye duka pale, Mkongomani wa Bukavu, ambaye mimi na wengine wote tulimwita Maman, aliacha kupima mchele akanitazama.

"Nini ile?"

"Nimejigonga kabati, Maman."

"Kabati," akarudia. Hakuniuliza tena. Alinipimia mchele wangu, akaongeza samaki wawili wakavu ambao sikuwaomba, akakataa kunitazama usoni nilipomshukuru. Mimi nikaenda zangu nimefurahi, nikijisifu kwamba najua kudanganya kuliko mume wangu.

Jumamosi, mlango wetu kule Etterbeek uligongwa. Alikuwa Tonton, mzee wa kwetu Bujumbura aliyesimama badala ya baba yangu siku ya ndoa yangu, na pamoja naye Maman wa dukani. Mzee alikuwa amevaa suti. Nilijua hapo hapo kwamba kuna msiba au kesi.

Mume wangu alikuwa mpishi katika nyumba ya wazee, na hata nyumbani jikoni ni kwake. Alitoka amevaa aproni ya maua, mkononi ana sinia la chai na sambusa, akawakaribisha kwa ule upole wake unaonichosha. Tonton alikitazama kikombe kama kimetiwa sumu.

"Mwanangu," akamwambia, "nimekufahamu miaka mingi. Mimi mwenyewe nilikupa mkono wa huyu binti. Sikukupa ili umvunje uso."

Mume wangu alifungua mdomo, akaufunga. Akanigeukia. Siri ilikuwa yangu, naye hakuwa mtu wa kuitoa bila ruhusa.

"Muone, ananyamaza!" akasema Maman. "Banaume ba kunyamaza njo babaya. Na ile Kiflamandi ya kila dimanche, minajua, mutoto anatafuta tu nafasi ya kutoka humu ndani. Bon. Mutoto yangu, twende kwangu. Chumba iko. Chukua nguo."

Ningepaswa kusema kweli papo hapo. Badala yake nilimtazama mume wangu na aproni yake ya maua, nikashikwa na kicheko, na nilipojiziba mdomo kukizuia, machozi yakanitoka. Maman akadhani nalia. Akanikumbatia kwa nguvu, na Tonton akasimama.

"Nitampigia simu mama yako!" akamfokea mume wangu.

Hapo mume wangu alizungumza kwa mara ya kwanza tangu ashutumiwe. "Mama watoto," akaniambia, "tafadhali. Nenda kalete."

Nikaenda chumbani, nikafungua sanduku la chuma, nikarudi na bastola, nimeifungua katikati ili waone haina risasi. Tonton alisoma Bismillahi, akajikuta nyuma ya kochi. Maman hakusogea. Aliitazama bastola, akanitazama mimi, akamtazama mume wangu kwa macho mapya kabisa, macho ya huruma.

"Alors ni yeye ndiye anapashwa kukimbia?"

Nikaeleza yote. Nikawaonyesha jinsi mtutu ulivyonirukia usoni. Tonton alirudi kukaa pole pole.

"Ulikuwa unapiga nini?"

"Kondoo, Tonton."

"Kondoo wa nani?"

"Wa chuma."

Akafikiri. "Sasa ukimwangusha, mnafanya nini naye?"

"Tunamsimamisha tena."

Mzee alichukua sambusa, akaitafuna mpaka ikaisha, kisha akamwambia mume wangu kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nisamehe. Sikujua una mtihani mkubwa hivi."

Wakati wa kuosha vikombe, Maman alinifuata jikoni. Nilikuwa bado nacheka, nikimsimulia jinsi nilivyokaa kwenye matope. Hakucheka. Alichukua kitambaa, akawa anafuta kikombe kilichokwisha kukauka.

"Mimi pia nilisemaka ni kabati," akasema. "Kule Bukavu. Miaka mingi. Batu bote banaitika, ndiyo, kabati. Hakuna muntu alikuja kwangu na suti."

Niliona aibu kwa kicheko changu, nikachukua kikombe kingine nikampa, naye akakifuta.

Wiki iliyofuata nilirudi Saint-Josse. Mwenye duka aliliona paji langu, akavuta droo bila kuniuliza lolote, akanibadilishia mtutu. Nilianza na risasi laini, viwiko vimenyooka kama mtoto wa darasa la kwanza anayeonyesha kucha zake. Majira yote ya joto yalipita nikimpiga kondoo naye akiyumba tu. Alipoanguka hatimaye, nilikuwa nimeshageuka kutafuta risasi nyingine, sikumwona. Mwenzangu ndiye aliyeniambia, na sikumwamini mpaka nilipotembea hadi kule mwisho nikamkuta amelala kifudifudi kwenye nyasi.

Habari zilienea, maana Tonton ana marafiki. Wanaume wa Porte de Namur wakaanza kunisalimu kwa adabu ambayo sikuwahi kuipata kwa tabia njema. Mume wangu walimsalimu kwa kumshika bega.

Maman aliomba kuja machimboni, akaja mara kadhaa. Bastola alikataa kuigusa. Alikaa ndani ya gari la mwenzangu amejiziba masikio kwa kanga, na tulipopumzika alishuka na sufuria ya samaki wa kukaanga na pilipili, akawalisha Wabelgiji mpaka wakatokwa jasho. Katika safari za kurudi, mvua ikipiga kioo, alinihadithia mambo ya nyumba yake ya zamani, kidogo kidogo, kila Jumapili kipande. Mwenzangu wa pasi hakuelewa neno, alikuwa anaendesha tu. Mimi nilisikiliza. Kwa mara moja katika maisha yangu sikujifanya najua chochote.