Mama Aliyebaki Wodini

Siku ya kwanza ya kazi yangu ya ukalimani pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, nilivaa koti la kuazima. Shule niliacha darasa la nne, Kiingereza nikakiokota madukani. Hata hivyo niwaambie vijana bila aibu: miaka ile ya katikati ya tisini, kambini hakukuwa na mkalimani wa kunipita. Mkalimani anasema "mi" mahali pa mwenye maneno. Mtu akisema "nimefiwa," nawe unasema "nimefiwa," wala huongezi "anasema."

Mkubwa wangu wa kwanza, msimamizi wa kliniki, aliniambia, "Wewe una masikio, tutakutumia." Kilichonitesa ni misemo ya mitaani ya Kiingereza. Mtu akisema yuko "under the weather," mvua haimo. Anajisikia vibaya mwilini. "Hang on" ni subiri kidogo. Hiyo niliipata soko la Tsoka, nikishuka mjini Lilongwe, kwa kuangalia watu wanafanya nini wakishaambiwa. Shule yangu njo hiyo.

Kisha nikapewa kazi ya kusindikiza wagonjwa wa kambi hadi hospitali ya Lilongwe. Siku moja tulimleta mama mmoja Mrundi na mtoto wake; mtoto malaria imempanda kichwani. Kambini aliacha wengine watatu kwa jirani, na gari la kurudi lilikuwa linangoja. Daktari mkuu akampima mtoto, akasema haraka, "It's touch and go."

Sikuijua. Na kwetu mdogo hamuulizi mkubwa mara mbili. Unaitikia, halafu unabahatisha.

Shofa wa gari letu, mtu wa Bukavu, alikuwa mlangoni. "Eh, papa, tafsiri basi! Si we njo profesa wa kambi?"

Mama akanikazia macho. "Anasema nini? Niende ao nibaki?"

Nikainua mkono kama mwanafunzi. "Dokta, msemo huo sina. Nieleze."

Shofa akacheka. Daktari hakucheka; akavuta kiti, akakaa. "Anaweza kupona, anaweza kufa. Usiku huu ndio utaamua."

Nikamwambia mama vile vile, bila kupunguza. Akafungua kitenge, akakitandika chini kando ya kitanda.

"Shofa, uende. Baambie batoto mi nabaki."

Mtoto hakufika asubuhi. Alikufia kifuani mwa mama yake. Tulipotoka kuzika, mama alinishika mikono yote miwili: "Zikomo, papa, asante. Ungenificha, angekufa na bageni."

Tangu hapo, kila nilipoleta wagonjwa, yule daktari alinipa chai na msemo mpya. Namshukuru hadi leo. Ndiye aliyenifanya mtu wa kuitwa na wakubwa, mpaka nikajenga nyumba mtaa wa Kauma, hapo Lilongwe.

Sasa nimeiacha kazi. Watu husema najisifu sana, na kweli najisifu. Nimewatafsiria wakubwa wa kila aina, wengi nimewasahau hata sura. Ila siku nikiulizwa mbinguni nilifanya nini duniani, nitajibu kwamba yule mama hakupanda gari.