Daraja Ambalo Hatukulivuka

Hadi leo nikisikia harufu ya lehemu ikiyeyuka kwenye meza ya fundi simu, vidole gumba vyangu huanza kucheza vyenyewe. Ndiyo harufu iliyokuwa ya nyumba ya Fundi, mtaani kwetu Ipagala, mwaka nilipokuwa darasa la sita. Fundi alitengeneza redio na runinga sebuleni kwake. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, na kipupwe kilikuwa kinapeperusha vumbi la Dodoma mpaka linaingia kwenye chai, kwa hiyo madirisha yake yalifungwa kutwa. Humo ndani lehemu ilichanganyika na karanga za kukaanga na vumbi lililokuwa likiungua taratibu nyuma ya runinga ya kichogo. Chini ya runinga hiyo ilikaa mashine ya gemu ya kizamani, ya kijivu, iliyoletwa na mteja mmoja itengenezwe, kisha mteja akahama mji bila kuaga. Fundi aliitengeneza, akamngoja sana mwenyewe, na alipochoka kungoja akamwachia Zuhura, mtoto wa kaka yake, acheze na wenzake siku za Jumamosi.

Mimi sikuiamini mashine ile wala watu wake. Nilizaliwa hivyo. Nikipewa andazi kubwa kuliko la mwenzangu, naligeuza kwanza nione kama chini limeungua. Mama alizoea kuniambia, "Yusta, siku moja utamdai hata padri kitambulisho," na Zuhura, ambaye hakukawia kuona udhaifu wa mtu, akanibatiza jina la Askari Kanzu. Alikuwa amekuja kutoka Busi kule Kondoa mwanzoni mwa mwaka ili asome mjini. Miezi ya kwanza alikuwa akikaa peke yake kwenye ngazi za darasa, kwa sababu kila akifungua kinywa kulikuwa na mtu wa kuigiza lafudhi yake ya Kirangi. Hakuna aliyekwenda kwao kumtembelea. Mashine ilipopona, sebule ya baba yake mdogo ikajaa viatu mlangoni, na vyangu vikiwemo. Hilo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi. Nilitaka kujua yeye anatuonaje, na sisi kwake tunafuata nini.

Gemu tulizokuwa tunazijua ni za kibandani pale kona, za mpira na za ngumi. Wawili wanakaa kwenye benchi, mmoja anafungwa, na aliyefungwa anatoka ili anayefuata aingie. Sisi wasichana hatukukaribishwa kibandani, lakini tulichungulia dirishani mpaka sheria hiyo ikatuingia kama sala. Sasa sidii pekee iliyokuwa ndani ya mashine ya Fundi ilikuwa ya namna nyingine kabisa. Ilikuwa na askari wawili, mmoja wa kofia nyekundu na mmoja wa kofia ya buluu, wote wa upande mmoja, wanaosafiri pamoja kuvuka msitu, mapango na mto ili wafike kwenye ngome. Ukikaa na pedi yako, mwenye pedi ya pili ni mwenzako. Tulitazamana. Lameck, mtoto wa jirani yetu na bingwa wa kibandani, ndiye aliyeuliza tulichokuwa tunajiuliza sote: "Sasa hapa nani anamfunga nani?" Hakuna aliyejua. Watu wawili kushinda kwa pamoja kulitufanya tuhisi kuna danganya toto mahali. Basi tukaiwekea sheria yetu: aliyekufa anatoka, anampisha anayefuata kwenye mkeka.

Sheria hiyo ndiyo iliyoiharibu gemu, ingawa hatukuligundua hilo. Askari wale walitakiwa kukingana, lakini kwetu kila mmoja alijikinga nyuma ya mwenzake ili asipoteze zamu. Ukimwona wa kofia ya buluu amezungukwa, ulikaa kando ukisubiri afe. Hata hivyo tulisonga, na memori kadi ilitunza tulipofika, mpaka tukafika kwenye daraja la mwisho na hapo tukanasa. Daraja lilikuwa la mbao, juu ya mto wenye maji meusi. Upande wetu kulikuwa na gurudumu. Mmoja alitakiwa kulishikilia ili lango la ng'ambo lifunguke, mwenzake avuke, kisha aliyevuka ashike gurudumu la ng'ambo na kumfungulia wa nyuma. Ukianguka mtoni umekufa, na wote mnarudishwa ukingoni. Ni jambo dogo kulieleza. Lakini nani angekubali kubaki nyuma ameshika gurudumu, akimwamini Lameck kwamba akishavuka atakumbuka kuna mtu? Jumamosi nzima tulisukumana pale ukingoni, kila mmoja akisema, "Shika wewe, mimi navuka."

Mimi na Zuhura ndio tuliokuwa tunakaribia. Yeye alikubali nishike mimi, au nikitaka nivuke mimi, bila ubishi, na hapo ndipo machale yaliponicheza. Kila alipofika katikati ya daraja, askari wake wa kofia nyekundu aliteleza. Mara kaanguka kushoto, mara kaanguka kulia. Mbona huko nyuma, kwenye mapango yenye mbao nyembamba kuliko zile, hakuwahi kuteleza? Nikaanza kumtazama yeye badala ya runinga. Niliona kidole chake kikibonyeza pembeni taratibu, kwa makusudi, huku uso wake umetulia kama wa mtu anayekunja nguo. Kisha anasema, "Aa, jamani, bahati mbaya," anampa Lameck pedi na kwenda jikoni. Nikajua hapa nachezwa shere. Nilimshuku kwamba amepatana na Lameck wavuke wao wawili nisipokuwepo. Nilimshuku kwamba ananiona mjinga. Nilirudi nyumbani nikakataa kula, na roho iliniuma kweli, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kumpenda.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mapema kabla ya wengine. Nilimkuta uani anamenya karanga zilizoletwa na baba yake kutoka Busi. Nikakaa upande wa pili wa gunia, nikamenya nami. Nilipoona hakuna mtu karibu nikamwambia, "Unajitupa. Nimekuona."

Hakukana. Alipasua ganda jingine, kisha akachungulia mlango wa sebule.

"Ukisema, nakuapia sitaongea na wewe tena," alisema. "Baba mdogo kasema tukishaimaliza ile gemu anaifungua mashine. Anataka mota yake na lile jicho la kusomea sidii. Nilimsikia akimwambia mama mdogo. Kasema ikishaisha itakuwa haina kazi tena."

"Gemu haiishi hivyo," nikasema. "Si unaanza upya?"

"Kamwambie wewe."

Kumwambia Fundi? Mtu mzima ambaye hata kumwamkia shikamoo ulisubiri aweke chini chuma chake cha moto? Kwake yeye gemu ilikuwa kama kitabu cha shule. Ukifika ukurasa wa mwisho unampa mdogo wako, na kama huna mdogo, karatasi zinafungiwa karanga. Ungemkosoa ungeonekana unamfundisha kazi.

"Mashine ikienda," Zuhura alisema, sasa kwa sauti ndogo, "nani atakuja hapa?"

Nilitaka kusema mimi nitakuja. Lakini nilijua asingeniamini, kwa sababu hata mimi mahali pake nisingejiamini. Nilikuwa nimemaliza nusu mwaka nikipita mlangoni kwao bila kupiga hodi. Kwa hiyo sikumwahidi kitu. Nilimwambia tu, "Ukianguka kila mara watakushtukia kama mimi nilivyokushtukia. Tupokezane."

Tukala njama. Kuanzia Jumamosi ile tulihakikisha mmoja wetu yuko kwenye pedi kila watu walipofika darajani, na tukawa tunaanguka kwa zamu. Mimi nilibuni maanguko ya kila aina: ya kupiga chafya, ya kugeuka kusalimia mtu, ya kulalamika kwamba pedi imekwama. Goti lake likigusa langu maana yake zamu yangu. Ajabu ni kwamba hapo ndipo tulipoanza kuicheza gemu ile inavyotakiwa kuchezwa. Kabla ya daraja tulikingana, tuligawana dawa, tulisubiriana, kwa kuwa kila mmoja alimhitaji mwenzake afike salama mahali pa kuangukia. Sikuwahi kumwamini mtu kama nilivyomwamini Zuhura wakati tukiwadanganya wenzetu wote. Lakini macho yangu hayakupumzika. Nilimshuku Lameck kwa jinsi alivyotukazia macho, na nilimshuku Fundi, ambaye mara kwa mara aliacha kulehemu na kuinua kichwa kuelekea runinga.

Jumamosi ya mwisho ya likizo, upepo ukipiga bati, nilikufa kweli, kwa uzembe, kwenye pango la mwisho. Sikuigiza. Lameck akachukua pedi ya buluu, akakaa karibu na Zuhura, wakafika ukingoni mwa mto. Sisi wengine tulikaa mkao wa kusubiri kelele za kila siku za shika wewe, shika wewe. Lameck akasema, "Vuka. Nitashika mimi." Bingwa wa kibandani akaenda kwenye gurudumu, akalishika, akatulia. Mbao zilikuwa imara, lango lilikuwa wazi, na hakukuwa na adui wala kisingizio. Zuhura alianza kuvuka, na watoto wakaanza kupiga makofi. Nilimwona Fundi amesimama nyuma yetu, bisibisi mkononi.

Zuhura alifika ng'ambo. Watoto waliruka, mmoja akaangusha sinia la karanga. Kilichobaki ni kushika gurudumu la pili ili Lameck naye avuke, na gemu iishe. Askari wa kofia nyekundu alisimama mbele ya gurudumu. Kisha akageuka, akarudi darajani polepole, mpaka katikati, akamtazama mwenzake aliyekuwa bado ameng'ang'ania gurudumu la kwanza, akatembea pembeni akatumbukia.

Kelele zilizofuata sitaki kuzikumbuka. Lameck hakupiga kelele. Aliweka pedi juu ya mkeka, akasema, "Nilikushikia." Akavaa viatu vyake akaondoka, na hakurudi tena katika nyumba ile. Zuhura alilia jikoni, na mimi nikakaa naye. Tulikuwa tumeilinda mashine dhidi ya mtu mmoja tu aliyekuwa ameamua kuwa mwaminifu. Fundi alirudi mezani kwake. Tulisubiri aseme, akasema tu, "Okoteni hizo karanga."

Mashine haikufunguliwa. Ilijifia yenyewe mwaka uliofuata, jicho lake likakataa kusoma, na kufikia hapo nilikuwa napiga hodi kwa Zuhura hata siku isiyo Jumamosi. Kisha baba yake akamhamishia shule ya bweni, halafu simu zikapotea, namba zikabadilika, na kama ilivyo kwa wengi wetu, nikabaki na jina lisilo na namba. Ipagala nayo imegeuka. Nyumba ya Fundi imezungushiwa ukuta na wapangaji wanaofanya kazi serikalini, na kibanda cha kona kimekuwa duka la vifaa vya ujenzi.

Mimi nami nina kazi, nina runinga bapa, nina mashine mpya isiyo na waya kwenye pedi. Siku hizi mwenzako hakai nawe kwenye mkeka. Anakuja kwa mtandao, kutoka popote, na jina alilojipachika mwenyewe. Hujui ni mzee au mtoto, humwoni kidole kinabonyeza wapi. Nikisema siwaamini watu hao, wenzangu ofisini hunicheka, lakini mimi nilijifunza uaminifu kwa kuangalia kidole cha mtu. Jina langu huko mtandaoni ni Askari Kanzu. Nililiandika kwa kukosa jingine, na nikidhani halina maana kwa mtu yeyote.

Jumapili moja baada ya kanisa, mtu mwenye jina la herufi na tarakimu tupu aliniomba tucheze pamoja. Nilihisi tapeli. Nilikubali ili nimnase. Hakuandika kitu, hakuomba kitu, lakini alinikinga kila nilipozungukwa, akaniachia dawa, akanisubiri nilipochelewa. Kadiri alivyokuwa mwema ndivyo nilivyozidi kumshuku. Saa za alasiri tulifika kwenye bonde lenye lango na daraja la kamba, na gemu ikatutaka mmoja ashike mnyororo, mwingine avuke. Nikashika mimi, nikisema moyoni, sasa nitamjua, atavuka aniache hapa.

Alivuka salama. Akafika kwenye mnyororo wa ng'ambo, akasimama mbele yake bila kuugusa. Kisha akageuka, akarudi polepole mpaka katikati ya daraja, akanitazama, akatembea pembeni akatumbukia.

Nilikaa na pedi mkononi huku machozi yananitoka, nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Alipotokea tena pembeni yangu pale ukingoni, sikumwuliza jina. Niliachia mnyororo, nikatembea mpaka katikati ya daraja, na kwa kuwa ilikuwa zamu yangu, nikajitupa.