Leso Zilizokatwa Jina

Mwanamume hununua leso kwa rangi. Hili nalijua tangu utotoni, na hata hivyo tajiri wetu aliporudi kutoka Mombasa na furushi la leso begani nilifurahi kama mtoto.

Tajiri tunamwita kwa mazoea tu. Utajiri wenyewe ni banda la mabati karibu na bandari ya Kismayo, mapipa ya chumvi, na jenereta inayokohoa kuliko mzee wa pumu. Sisi wafanyakazi ni wanawake wa visiwani, wa Chovai na Ngumi, na wengi wetu tumerudi kutoka kambi ya wakimbizi Kenya. Tunapasua samaki, tunawatia chumvi, tunawaanika wawe ng'onda. Wanaobaki wabichi hulazwa kwenye barafu mpaka wanunuzi waje.

Mkubwa wetu bandani ni mama yangu mzazi. Kambini alikuwa amenyamaza. Hakusema ila akiulizwa, na akiulizwa alijibu neno moja. Kazi ya samaki ndiyo iliyomrudishia ulimi. Siku niliyomsikia akimwambia mwenzetu, "Mbona wampasua kama wamwomba radhi?" nilijificha nyuma ya mapipa nikalia. Kwa hiyo banda lile kwangu halikuwa mshahara tu. Lilikuwa kicheko cha mama.

Mwaka ule mafuta ya jenereta yalipanda, na barafu ikafuata. Tajiri hakuwa na cha kutuongezea. Mwingine angepunguza watu, tena angeanza na wazee. Yeye alikwenda Mombasa kutafuta vipuri, akaona leso, akaambiwa akichukua nyingi za namna moja atapunguziwa bei. Akapiga hesabu: gharama kidogo, wanawake watafurahi, Idi tutavaa sare. Hesabu nzuri, na moyo mzuri. Aligawa haraka haraka huku anaangalia chini, kwa haya, akatoka.

Tulizikunjua. Pindo la zambarau, mji wa manjano katikati, pamba nzito. Nami, maskini, nikasoma jina kwa sauti kabla sijafikiri: "Mla cha mwenziwe na chake huliwa."

Visu vyote vilinyamaza.

Kwetu mtu aliyeshika samaki kutwa harudi nyumbani mikono mitupu. Jioni kila mmoja hutia kitoweo chake kikapuni, kichwa au mkia. Haombi, kwa maana kuomba ni kumfanya mwenye mali aonekane bahili. Na mwenye mali haangalii. Tajiri wetu saa hiyo hugeukia ukuta, akajifanya anakagua jenereta. Hakuna aliyewahi kusema neno juu ya kitoweo, si yeye si sisi. Sasa leso imesema, na leso ukipewa umeambiwa.

Mama aliikunja palepale ilipokuwa imekunjwa, akaiweka juu ya gunia la chumvi. Akaosha kisu chake, akaondoka. Sisi tuliobaki tulifanya kazi kama tunaolipwa kwa kununa. Jioni hakuna aliyegusa kitoweo. Vichwa vikalala pale, asubuhi vikanuka banda zima.

Nyumbani nilimsihi mama arudi. Akasema kwa Kibajuni chetu, "Mchu akiitwa mwivi mara moya, hangoji ya pili." Baada ya hapo hakusema tena. Siku zikapita. Ule ukimya wa kambini ulikuwa umerudi na kuketi mkekani pamoja nasi, na mimi niliuogopa kuliko njaa.

Nikamfuata tajiri. Nilimkuta ameinamia jenereta.

"Kaka," nikamwambia, "ukituona wezi si ungesema kwa mdomo? Ya nini kututia aibu maungoni?"

Akanitazama kama niliyezungumza Kichina. Nikamtandazia ile leso. "Soma."

Alisoma polepole, midomo ikicheza. Kisha akashika kichwa.

"Wallahi sikuisoma. Niliona rangi." Akakaa juu ya pipa. "Marehemu ndiye aliyekuwa akizisoma. Mimi nanunua, yeye anasoma, anacheka, nyingine ananirudisha nazo dukani. Tangu afe mke wangu sina wa kunisomea."

Nilikuwa nimekuja na maneno makali ya kutosha mwezi. Nikaikunja ile leso, nikamwambia aje mwenyewe kumweleza mama.

Alikuja kwetu alasiri ile, akasimama mlangoni bila kuingia, akamweleza mama kama alivyonieleza. Akaongeza, "Na kitoweo ni haki yako, mama. Nilikuwa nageuka usione haya. Kumbe ningesema."

Mama aliinua uso, akamtazama. Halafu akasema, "Mwanangu, hicho kichwa cha jioni kimeshachoka. Tupe asubuhi, samaki akishuka tu, tuchague mbele ya macho yako. Hapo nitakuja."

Nasikia waajiri wakubwa huita wataalamu wawafundishe namna ya kuwatia watu moyo. Sisi tulianza kupigana vikumbo alfajiri, kila mmoja anataka kuwahi kuchagua. Na ukishafika, utakaa unatazama? Visu vilianza mapema, samaki wengi wakawa kwenye chumvi kabla jua halijawa kali. Barafu iliyokuwa haifiki adhuhuri ikaanza kubaki, na jenereta ikapata kupumzika kifua chake.

Leso nazo mama alizikusanya, akachukua mkasi, akakata jina katika kila moja na kushona palipokatwa. Idi tulivaa leso bubu, mji mzima ukituuliza. Vile vipande vya maneno alivifanya kamba za kufungia ng'onda, tukaacha kununua kamba. Mchuuzi mmoja alikuja juu, akauliza kwa nini mzigo wake unamwambia mla cha mwenziwe.

"Umejiona?" mama akamwuliza. Banda likaangua kicheko, na changu kilikuwa cha mwisho kwisha.

Idi iliyofuata ilipokaribia, tajiri alipiga simu akiwa dukani Mombasa. Akaniambia nimshikie mama simu, kwa kuwa alijua mikono ya mama ina magamba. Akawa anasoma majina ya leso moja moja, na mama anazikataa. Hiyo ya wake wenza. Hiyo tusi. Hiyo yamfaa hasimu yako. Kisha akasoma, "Wema hauozi."

Mama alikuwa na samaki mkononi. "Soma tena," akasema.

Akasoma tena.

"Chukua hiyo." Alijipangusa macho kwa kiwiko, akatuambia ni chumvi. Kisha akaisogelea simu. "Na uongeze doti moya ya kuweka kwako, mwanangu. Nyumba haikai bila leso."

Tulimsikia mwenye duka akimwuliza jumla ni doti ngapi, naye akisema, "Ongeza moja."