Vidonge vya Damu na Chai ya Mama Mkwe

Mimba yangu ya pili ilipofika miezi saba, muuguzi wa kliniki ya mtaani kwetu Huruma aliniambia damu yangu iko chini, na kwamba mama akienda kujifungua hivyo, akitokwa na damu kidogo tu anaweza kufa. Akanipa vidonge vya kuongeza damu. Nivimeze kwa maji, alisisitiza, na chai nisiiguse mpaka yapite masaa mawili, maana chai huzuia dawa kufanya kazi. Nikaitikia kwa adabu zote.

Shida ilikuwa nyumbani. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Murang'a kunitunza, na kwake yeye chai ya maziwa ndiyo matunzo yenyewe. Nikiamka tu, kikombe kikubwa kiko mezani, na kidonge amekiweka kando yake kwa mkono wake. Ningemwambiaje mtu aliyeacha ng'ombe wake kwa ajili yangu kwamba chai yake inanidhuru? Kwao, ukikataa chai umemkataa aliyeipika. Sokoni nagombana na wauzaji mpaka wananiogopa, lakini mbele ya kikombe kile niliufyata. Mjinga mimi! Nikameza.

Hofu haikuniacha. Nilipopanda ngazi hadi kwetu gorofa ya nne, moyo ulinienda mbio, nikashika ukuta na kujiambia kesho nitasema. Kesho hiyo ikawa mwezi mzima.

Siku ya kliniki mama mkwe alinisindikiza mpaka ndani. Muuguzi alipima, akakunja uso.

"Damu imeshuka tena. Dawa unameza?"

"Kila siku."

"Unameza na nini?"

"Na maji," nilisema, macho chini.

"Usimdanganye daktari, mami," mama mkwe alidakia. "Ni chai. Si mimi ndio hukupikia?"

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Mficha uchi hazai," aliniambia, kisha akamweleza mama mkwe habari ya chai, polepole, yote aliyokuwa ameniambia mimi. Aibu ilinichoma. Nilingoja mama mkwe aning'akie, lakini alikaa tu, ameshika mkoba wake kwa mikono yote miwili.

"Kumbe ulijua," alisema mwishowe. "Ulikuwa unaniogopa mimi kuliko kufa?"

Niliitikia kwa kichwa, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.