Moto wa Nyumba Iliyotengwa

Baba yangu alirudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita na kikohozi, blanketi la kijivu na neno moja la Kiswahili: zamu. Nyumbani tulisema Kisukuma tu, na kwa muda mrefu nilidhani zamu ni mnyama, kwa sababu kila aliyemwacha akapotea alichapwa. Baadaye nilielewa. Huko machimboni watu waliingia shimoni kwa zamu na kutoka kwa zamu, na mtu aliyesinzia kwenye zamu yake aliweza kumfukia mwenzake. Baba aliona hicho ndicho kilichokosekana katika malezi yetu. Akatugawia zamu za maji, za kuku, za ndama na za moto.

Zamu ya moto ndiyo iliyotisha. Viberiti vilikuwepo dukani kwa Mhindi, lakini baba alikataa visiingie kwake. Alisema kiberiti kinamfundisha mtoto kwamba kila kilichozimika kitawashwa tena bila jasho. Moto wetu ulilala jikoni ndani ya kigogo, umefunikwa majivu na mavi makavu ya ng'ombe, na mwenye zamu aliuchungulia tangu asubuhi mpaka mama aliporudi shambani. Kwa watu wengine mtoto alitumwa na kigae kwenda kuomba kaa la moto kwa jirani, na hakuna aliyeona ajabu. Kwetu kuomba moto ilikuwa aibu.

Sitaki mtu afikiri baba alikuwa mlevi au mgomvi. Hakunywa, hakumgusa mama, na pamba yake ilikuwa safi kuliko ya wengi kijijini. Watu walituona tukipiga magoti kusalimia wakasema, huyu anajua kulea. Mimi nilimwogopa, na zaidi ya kumwogopa nilitaka anione bora kuliko mtoto mwingine yeyote. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wangu, na aliyeniambukiza alikuwa yeye.

Tulikuwa wasichana wawili. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja hivi, mdogo wangu saba. Alikuwa na meno mawili ya mbele yaliyong'oka, na alizungumza bila kupumua, na kuku na ndama na hata chungu kikichemka.

Mwaka huo nyumba iliyokuwa jirani kabisa na yetu ilikuwa imetengwa. Ilianza usiku ng'ombe walipoibwa na mwano ukapigwa, yaani ule ukelele unaomtaka kila mwanamume aamke na silaha yake afuate nyayo. Wanaume wote walitoka, isipokuwa jirani yetu. Alisema mguu unamuuma, na kesho yake akaonekana anatembea mnadani kama kijana anayechumbia. Wanaume wakakaa, wakaamua. Mtu yeyote asimsalimie, asiingie uani kwake, asimpe wala asipokee kwake maji, moto wala chumvi, mpaka atoe dume la kuliwa na kijiji. Yeye akawa mbishi, miezi ikapita. Mkewe alichota maji peke yake, wenzake wakishaondoka kisimani. Atakayevunja agizo naye atatoa ng'ombe. Watoto wote tuliambiwa hayo, tena na tena.

Siku yenyewe ilikuwa ya kiangazi, wakati wa kuvuna pamba. Baba na mama walikuwa shambani, baba mdogo alikuwa malishoni na ng'ombe, na zamu ya moto ilikuwa yangu. Nikasikia ngoma. Vikundi viwili vya wachezaji vilikuwa vinajiandaa kushindana, na kimoja kilikuwa kinajaribu mbinu zake njia panda. Nilimwambia mdogo wangu, nachungulia tu, narudi sasa hivi. Yule mchezaji wa mbele alikuwa na fisi aliyekaushwa anayetingisha kichwa. Hata ningekuwa mtu mzima ningekaa.

Niliporudi, nilitia mkono kwenye majivu mpaka chini. Baridi.

Jua lilikuwa limeinama na mama alikuwa karibu kurudi. Nilichukua kigae nikampa mdogo wangu, nikamwambia, "Kimbia. Lete moto nyumba ya karibu."

"Ya karibu ipi?"

"Ya karibu ni ya karibu! Kimbia, mama anakuja."

Nimejiambia kwa miaka mingi kwamba sikukusudia nyumba ile. Uongo mtupu. Nilijua nyumba ya karibu ni ipi, na nilijua kwa nini sikutaja ni ya nani. Kama ningekwenda mwenyewe ningekuwa mimi niliyevunja agizo. Nilimpa kigae mtoto wa miaka saba kwa sababu kosa lingekuwa mkononi mwake.

Alirudi anakimbia, kigae kimejaa makaa, mdomo umejaa karanga. Mke wa yule jirani alikuwa hajatembelewa na mtu miezi mingi. Alimpokea kama mgeni wa harusi, akamkalisha, akamjazia karanga na makaa bila kipimo. Kigae kikapata moto njiani na mtoto hakukiachia, kwa sababu nilimwambia akimwaga nitamuua. Alipokiweka chini, kiganja na vidole viwili vilikuwa vimeungua. Nikapuliza moto, nikauficha chini ya majivu. Mkono wake sikuutazama. Sikuwa na nafasi ya mkono.

Bibi mmoja aliyekuwa anaokota kuni alimwona akitoka ua ule. Kabla ng'ombe hawajaingia zizini, wanaume wanne walikuwa wamesimama kwetu. Hawakupiga kelele. Walimwambia baba kwamba moto unaowaka jikoni kwake ni wa nyumba iliyotengwa, kwa hiyo achague: atoe dume, au naye atengwe.

Baba akatuita. "Nani alileta moto?"

"Mimi," alisema mdogo wangu, na karanga ilikuwa bado imenasa kwenye pengo la meno.

Baba alimshika mkono mzima akampeleka nyuma ya zizi. Walikaa huko muda mfupi. Nilitega masikio nisikie fimbo, na sikusikia. Baba akatoka, akawaambia wale wanaume wachukue dume jekundu, yule mwenye pembe moja iliyoelekea chini. Walipoondoka naye, akatugeukia mama na mimi.

"Mtoto huyu ameingia nyumba iliyotengwa," alisema. "Basi naye ametengwa, humu humu ndani. Asisemeshwe. Asijibiwe. Chakula chake kiwekwe kando. Mpaka nitakaposema mimi."

"Mpaka lini, baba?" mama aliuliza.

"Kuna mtu ana kitu cha kujifunza," alisema baba. "Akijifunza, yataisha." Alisema hivyo akiangalia majivu, na mimi nikashukuru moyoni kwamba haangalii huku kwangu.

Siku ya kwanza mdogo wangu alidhani ni mchezo. Alipiga magoti asubuhi kumwamkia mama, "Mwangaluka, mayu," na mama akageuza uso ukutani. Akaja kwangu, "Mwangaluka, dada." Nikampita. Akanifuata hadi kwenye kuku, akiniambia kuku mweupe ametaga nje. Nikaanza kuimba wimbo wa kupepeta ili nisimsikie. Siku ya pili alinivuta kanga, nikavibandua vidole vyake kimoja kimoja. Siku ya tatu aliacha kuvuta.

Nataka kusema jinsi nilivyokuwa hodari katika kazi ile. Mama alivunja agizo kimya kimya. Alimfunga mkono kwa kitambaa na mafuta ya samli bila kutamka neno, na wakati mwingine alimkalisha mapajani, mdomo umefungwa, machozi yanamtiririka. Mimi sikulegea hata nukta. Nilimwekea ugali wake kwenye kibuyu kilichopasuka, mbali na wetu, nikakisukuma kwa mguu. Baba aliniona nikifanya hivyo na hakusema kitu. Nilichukua kimya chake kuwa sifa. Nilifikiri, kadiri ninavyomtenga vizuri, ndivyo hakuna atakayefikiria zamu ilikuwa ya nani.

Jambo moja lilinikera. Kila jioni, ng'ombe wakirudi, alikuja kusimama kwenye lango la zizi na kunikodolea macho. Hakuwaangalia ng'ombe wala ndama wake aliozoea kuwapigia soga. Alinitazama mimi tu, mpaka ng'ombe wa mwisho anaingia, halafu anakwenda kulala bila kula. Nilidhani anaombaomba huruma. Siku moja nilimrushia kipande cha kinyesi ili aondoke. Kilimpata begani, naye hakusogea.

Mkono ukavimba. Siku ya tisa ulianza kunuka. Siku ya kumi na moja aliamka anatetemeka, mwili unachoma, na mama akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alimfunga mtoto mgongoni, akasimama mbele ya baba akamwambia, "Niue kwanza, halafu umwache afe." Baba akavaa koti lake.

Tulipata lori la pamba lililokuwa linaelekea mjini, likatushusha njia ya hospitali ya misheni. Mimi nilichukuliwa kubeba mzigo wa chakula. Nesi aliyetupokea alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole. Aliinama akasema kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mwanangu. Unaumwa wapi?"

Mdogo wangu alimtazama, kisha akamtazama baba. Midomo ikatikisika, haikufunguka.

"Jina lako nani?" Kimya. Nesi akapiga makofi nyuma ya sikio lake, mtoto akageuka. "Anasikia. Ni bubu?"

Mama akaanza kulia kwa sauti. Wagonjwa waliokaa kwenye benchi wakanyamaza, na baba akabaki katikati yao amekunja kofia yake mkononi.

"Jibu," baba alisema.

"Nimeruhusiwa?" mtoto akauliza. Sauti ilitoka imekauka, kama ya bibi kizee.

Nesi akambeba mtoto akaingia naye ndani, na hakumwuliza baba tena jambo lolote. Waliokoa mkono. Vidole viwili vilishikana na kukunjwa kuelekea kiganjani, havikukunjuka tena. Na ile tabia ya kuzungumza na kuku na chungu haikurudi. Alijibu akiulizwa, kwa adabu, kwa maneno machache. Watu wakasema, mnaona, huyu naye amekua.

Mimi nilikua nikiwa na siri yangu. Sikumwambia baba, sikumwambia mama, na mdogo wangu hakuniuliza. Nilijiambia amesahau ni nani aliyemtuma. Nikaolewa, nikazaa.

Baba alikufa kwa kile kikohozi chake, nikiwa bado na mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Msibani walikuja watu wengi, na wote waliimba wimbo mmoja: mzee huyu alijua kulea. Wazee walituonyesha kwa vidole mimi na mdogo wangu, tuliokuwa tumekaa uani na ungo tukichambua choroko za wageni. Mmoja akasema watoto wa siku hizi wangepata baba kama yule, wezi wangekwisha. Sikulia msiba ule. Nilikuwa na hasira na maiti.

Wale wazee walipoondoka nikashindwa kujizuia. Nikamwambia mdogo wangu, "Zamu ile ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyekutuma. Na wewe hukusema hata siku moja."

Alikuwa anatenga mawe kwa mkono wake mzima. "Nilisema," alijibu.

"Ulimwambia nani?"

"Baba. Nyuma ya zizi, siku ile ile."

Choroko zilinimwagika. Akaziokota moja moja kabla ya kuendelea.

"Nilimwambia yote. Ngoma, kigae, ulivyosema nyumba ya karibu. Akasema, nyamaza, usimwambie mtu, hata mama. Dada yako ana akili, atakuja kusema mwenyewe. Hatasema kwa fimbo, atasema kwa kukuona wewe. Akasema labda leo hii, ng'ombe wakiingia. Kama si leo, kesho, ng'ombe wakiingia."

Sikuweza kumtazama. Kwa hiyo yeye ndiye alikuwa fimbo, na mgongo ulikuwa wangu. Baba alimchukua mtoto asiye na kosa akamtia motoni ili mwenye kosa asikie joto, akakaa pembeni siku kumi na moja anangoja niive. Nilimchukia wakati ule kuliko nilivyowahi kumwogopa. Na bado, hata nikimchukia, nilijua kwamba neno langu moja tu lilitosha kuyamaliza, jioni yoyote kati ya zile, na mtoto wa miaka saba alilijua hilo na mimi nikamrushia kinyesi.

"Kwa nini hukuniambia tulipokua?" nilimwuliza.

"Ungesema umesema kwa sababu nimekuambia."

Akapepeta ungo, akapuliza makapi. Mtoto wangu mgongoni akaamka akaanza kulia, na yeye akanyoosha mkono wake uliokunjika akamgusa shavu mpaka akanyamaza. Kisha akaniuliza bila kuinua uso, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza chumvi imewekwa wapi.

"Kama nisingeugua, dada, ungesema siku ya ngapi?"

Nilitafuta siku. Nilitaka kumpa ya kumi na mbili, au hata ya ishirini.

"Nisingesema," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akavuta ungo mwingine karibu.