Damu Kabla ya Futari

Mama hakutaka kupimwa. Baba alianguka soko la mifugo akipatana bei ya ngamia, moyo ukasimama papo hapo, na tangu siku hiyo mtu akitaja vipimo mama huinuka akatoka nje. Mimi nami nilikuwa nimepata kazi kwa watafiti waliokuja Isiolo kuchunguza moyo, kolesteroli na usugu wa insulini, yaani mwili unapoikaidi ile homoni inayoingiza sukari kwenye misuli. Utafiti umefika kwetu! Nilifurahi kama mtoto wa Idi, na mama nikamsumbua asubuhi na jioni.

Ramadhani ilipoingia, akachoka nami.

"Si mnataka mtu hajakula? Sasa nimefunga. Toa hiyo damu uniache. Lakini kwanza uliza sheikh kama inaharibu saumu."

Sheikh akasema haiharibu. Habari zikazagaa, na kesho yake asubuhi foleni ya wafungaji ilitoka kwenye hema letu hadi ukuta wa msikiti. Nusura nipige vigelegele.

Kufikia saa mbili sikuwa na hamu ya vigelegele. Sukari juu, mafuta ya damu juu, karibu kila mtu. Daktari wetu, mgeni kutoka Nairobi, aliikodolea macho mashine kana kwamba imemtukana. Sukari ya mama ilizidi ya wote. Aliniangalia usoni, akavuta ushungi.

"Nilijua," akasema. "Mimi pia naenda vile babako alienda."

Jamani, niliumia. Jirani aliyeketi kando yake akapiga mwayo, akalalamika kwamba mikate ya anjera na samli ya daku bado vimemkaa tumboni.

Nikaruka. Daku! Watu hawa walikuwa wamefunga, ndiyo, lakini tangu alfajiri tu. Muda mfupi kabla ya hapo kila mmoja alikuwa ameshindilia anjera, samli, tende na chai ya maziwa ya ngamia iliyojaa sukari. Sisi tulitaka tumbo lililokaa tupu saa nyingi, tukaenda kupima watu waliotoka kula! Siku nyingine yoyote asubuhi ingefaa. Ramadhani, asubuhi ndiyo saa mbaya kuliko zote.

"Warudi jioni!" nikamwambia daktari, nikimvuta koti. "Kabla ya futari!"

Alicheka mpaka akakaa chini.

Wakarudi. Mama alikuja mwishoni, midomo imekauka, hataki hata kunitazama. Mashine ikasoma: sukari sawa. Nilimkumbatia mbele ya watu, naye akanisukuma kwa haya.

Majibu ya insulini yalitoka maabara baada ya Idi. Insulini ya mama ilikuwa nyingi mno. Daktari akatueleza kwamba mwili wake unaimwaga kwa wingi ili sukari isipande. Usugu umeanza, kisukari bado. Atembee, apunguze sukari na samli, arudi kupimwa.

"Tumemuwahi," akasema.

Nilitoka pale nikitembea kwa kasi kama ninayekimbizwa, mama nyuma akiniita nimngoje. Baba hakuna aliyemuwahi.

Jioni mama akamimina chai, kisha akalisukuma kopo la sukari upande wangu wa mkeka bila kulifungua. Akanywa kidogo, akakunja uso. Nilidhani atainuka atoke, kama kawaida yake. Hakuinuka.

"Sasa niambie," akasema. "Moyo ya babako ilikuwa imefanya nini?"